Miguu Nyuma Yangu

Nyumbani, 14 Julai 2024

Shangazi yangu Levina,

Leo nimeapa kukueleza kila kitu, hata yale ambayo mama amesema niyaache. Shikamoo. Huku tu wazima, isipokuwa kisigino changu cha kushoto kinauma nikipoa. Kifua chako kinaendeleaje na vumbi la Nzega? Naandika kwa sababu simu ya baba husikilizwa na nyumba nzima.

Mbio za Njia ya Misafara ni Jumamosi ya tarehe kumi Agosti, kutoka Kigwa hadi Kwihara. Mimi na kaka Renatus tunakimbia kila jioni baada ya shule, mwendo mrefu wa polepole, kwenye ile njia ya zamani yenye mchanga. Wazee wanatutania, wanatuita wapagazi tusio na mzigo. Watoto hutufuata hadi wachoke.

Juzi tukirudi tulikuta kundi la wanaume karibu na reli. Sungusungu walikuwa wamemkamata mwizi wa ng'ombe. Baba alikuwemo, siku hizi kila alfajiri yuko doria nao. Alituita tusogee tuone, ili tujue dunia ilivyo. Yule mtu hakuwa na uso tena. Jicho moja lilikuwa limetoka, na bado walimpiga. Mmoja alipochoka alimpa mwenzake fimbo. Jioni nilifua suruali ya baba na maji yakawa mekundu mara tatu. Yeye alikula ugali kwa mboga ya kansansa, akanisifu kwa upishi, akamuuliza Renatus kuhusu viatu vyake vya mbio kama vinabana. Sielewi, shangazi.

Renatus anataka sasa tuongeze, tukimbie njia yote kila siku hadi siku ya mbio. Wewe ulikimbia mbio ndefu, tuambie.

Mwanao,
Gaudensia

Nzega, 18 Julai 2024

Mwanangu Gaudensia,

Marahaba. Kifua changu ni kile kile, nimekizoea. Kisigino ukikande kwa maji ya chumvi.

Mwambie kaka yako asilete ubishi. Mwili mlioujenga umekwisha kujengwa, na wiki hizi za mwisho kazi yake ni kupona. Nilimwona mwenzangu mmoja akijiua kwa mazoezi wiki ya mwisho, akafika kwenye mbio amekwisha kama betri ya redio. Kuanzia Jumatatu acheni mbio ndefu za jioni. Tokeni alfajiri, saa ile ile mbio zitakapoanza, mkimbie mwendo mfupi kwa kasi kubwa, halafu mrudi mlale. Kuleni michembe ya viazi kwa karanga hata kama hamna njaa. Na mkiwa kwenye kasi, midomo ifungwe. Hakuna kuongea wala kuimba. Pumzi ni ya miguu.

Kuhusu yule mtu wa relini, kaka yangu Mathias, baba yako, mimi namjua mwingine. Ndiye aliyenifundisha mimi kukimbia. Tukitoka shule alinikimbiza njia nzima na bua la mtama, anacheka, na siku zote alinikaribia lakini hakunigusa. Miguu yake naikumbuka hadi leo.

Shangazi yako,
Levina

Nyumbani, 28 Julai 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Renatus yuko hai. Nimetanguliza hilo ili uweze kusoma yanayofuata.

Jumatano tulitoka alfajiri kama ulivyotuagiza, bado giza halijatoka vizuri. Watu walituzoea jioni, tukienda polepole, na hatukufikiri kumwambia mtu kwamba tumebadili. Baba alikuwa doria. Renatus alikuwa mbali mbele yangu kwa sababu lilikuwa zoezi la kasi. Mara upande wa kwa Lugembe, kamanda wa sungusungu, ukapigwa mwano, na filimbi zikafuata. Desturi unaijua. Kila anayesikia ukelele ule huujibu kwa sauti na kukimbilia unakotoka, na anayekimbia kimya ndiye mwizi.

Mimi nilisimama nikajibu. Renatus hakujibu. Pumzi yake yote ilikuwa miguuni na mdomo ameufunga. Nilimwona anapunguza mwendo, nadhani alitaka apate hewa ya kuitika, lakini walikuwa wamekwisha kumwona.

Baba alinipita. Kati ya wale wanaume wote yeye ndiye mwenye mbio. Nilipiga kelele, "Baba, huyo ni Renatus," lakini filimbi zilikuwa nyingi mno. Koti lake lilinigusa bega. Alimfikia penye mchanga mzito, akampiga muundi kwa fimbo ya mpingo, na pale nilipokuwa nilisikia mfupa ukivunjika. Wengine wakafika. Walimpura kama mtama. Mmoja alimkanyaga shingo. Renatus aliinua mkono, mdomo umeachama, anatafuta hewa, na hakuna neno lililotoka. Baba akampiga mdomo ule.

Nikajitupa juu ya Renatus. Mgongo wangu una michirizi, mama anaupaka mafuta. Walisimama pale tu Lugembe alipomulika tochi. Baba aliona viatu kwanza. Alivinunua yeye mnadani. Alibaki na fimbo juu, kama mtu aliyesahau alichotaka kufanya.

Ng'ombe wa Lugembe hawakuibiwa. Walivunja boma wenyewe, wakakutwa wanakula majani ya viazi.

Renatus yuko hospitalini Tabora, mguu umefungwa na taya limefungwa kwa waya. Baba hasemi na mtu. Ile fimbo ameiosha na kuirudisha nyuma ya mlango.

Mwanao,
Gaudensia

Nzega, 30 Julai 2024

Gaudensia mwanangu,

Barua yako niliisomea stendi, aliponikabidhi Raymundi kondakta wa basi, na watu wakanishika mikono. Ni mimi niliyewaagiza alfajiri. Ni mimi niliyewafunga midomo. Najirudia hivyo tangu nilipoisoma.

Nilimpigia kaka Mathias simu. Alipokea, nikamsikia anahema. Nilimwita kwa jina letu la utotoni naye akakata.

Acha mazoezi. Usitoke alfajiri tena. Mbio zitakuwepo mwaka ujao na wewe utakuwepo, hilo ndilo ninalolitaka. Mwambie mama yako aichukue ile fimbo nyuma ya mlango aitie motoni. Leo hii, asingoje.

Mpe Renatus uji mwembamba wa mtama kwa mrija, utiwe asali. Nikipata ruhusa kazini nitakuja.

Shangazi yako,
Levina

Nyumbani, 4 Agosti 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimeahidi kukueleza yote, kwa hiyo nakiri kwamba sikukutii. Na fimbo haikuchomwa kwa wakati. Barua yako ilifika Ijumaa jioni, na mambo yalitokea Ijumaa asubuhi.

Lugembe alikuja na wanaume wawili. Walikaa, wakapewa maji, wakamuulizia mgonjwa vizuri. Kisha Lugembe akasema kwa upole kabisa, "Mathias, sheria tuliiweka pamoja. Kijana hakujibu mwano. Atatoa mbuzi." Baba akaitikia ndiyo, akaingia ndani. Nilidhani anatafuta kamba ya kumfungulia mbuzi. Alitoka na fimbo. Alimvunja Lugembe mkono, akampiga begani, na alipoanguka akampiga tena huku wale wawili wanamvuta, na mama amemng'ang'ania kiunoni. Hakutoa sauti. Alipokosa mtu wa kumpiga aliipiga fimbo kwenye jiwe la kusagia hadi ikapasuka. Mama alipikia vipande vyake.

Sasa tumetengwa. Nikiwasalimu watu kisimani wananyanyua ndoo zao na kuondoka. Hata Marcelina, tunayekaa naye dawati moja, ameshauriwa na wazazi wake ahame.

Jana tulikwenda Tabora kumwona Renatus. Hamtazami baba. Alikishika kiganja changu akaandika kwa kidole, herufi moja moja: kimbia. Nikauliza kwa sauti, "Nikimbie?" akafumba macho kukubali. Baba alikuwa mlangoni na alisikia.

Leo alfajiri nilimkuta uani, mikono mitupu, filimbi imening'inia shingoni. Akasema, "Tangulia. Nitakuwa nyuma yako. Hakuna atakayekugusa." Ni maneno ya kwanza kuniambia tangu siku ile.

Nilianza vizuri. Kisigino hakiumi tena, na ule mpunguzo wako wa mazoezi umefanya kazi kweli, miguu ni myepesi kama si yangu. Kisha tukafika kwenye mchanga nikaisikia miguu yake. Ni ile ile, shangazi. Ina mdundo mmoja tu na haichoki. Sikumbuki nilivyokimbia. Niliacha njia nikaingia kwenye miiba, nikaanguka, nikaficha kichwa kwa mikono na kuanza kujibu mwano ambao hakuna aliyeupiga. Nilijibu na kujibu hadi sauti ikaisha.

Nilipoinua macho baba alikuwa amesimama mbali. Hakusogea. Alivua filimbi akailaza mchangani, akageuka, akarudi nyumbani akitembea.

Niliiokota. Damu ya miiba ilipokauka nilimaliza zoezi langu, peke yangu, kwa kasi, mdomo wazi.

Nataka kukimbia Jumamosi. Nataka kufika Kwihara nimpelekee Renatus vumbi la njia nzima kwenye miguu yangu. Lakini mbio zina watu, na wengi watakuwa nyuma yangu, nao watakuwa wanakimbia.

Raymundi anapita tena Alhamisi, mpe jibu mkononi usichelewe. Baba alipokukimbiza mkitoka shule, na ukamsikia anakukaribia, ulifanya nini ili usiogope?

Mwanao,
Gaudensia