Hadithi ya Kwanza ya Mwalimu Zuhura

Shikamoo Mama,

Huku Kigoma tumekusanyika walimu, tunafundishana kutumia simu na kompyuta darasani. Jana zamu yangu ilipofika umeme ulikatika, nikabaki nimesimama mbele yao bila cha kuwaonyesha. Mwalimu Zuhura wa Ilagala akasema, "Eleza tu, tunakusikia." Nikaeleza ninavyomrekodia hadithi kwenye simu mwanafunzi wangu asiyeona. Baadaye akanifuata: "Nami ninaye mmoja. Nifundishe." Tukakaa ufukweni mwa ziwa tukila migebuka, samaki wa huku, waliokaangwa kwa mawese, akarekodi hadithi yake ya kwanza, mawimbi yakisikika kwa nyuma, akaituma kwa mama wa mwanafunzi wake huyo. Leo asubuhi mtoto amejibu kwa sauti yake mwenyewe: anataka nyingine.

Jifunike vizuri, Mama, naijua baridi ya Njombe.

Mwanao akupendaye,
Tumaini