Kibuyu Kisihame Bado

Nyamianda, Uvira
Siku ya Mungu, baada ya ibada

Mama yangu mpenzi,

Amani iingie mlangoni mwako kabla ya barua hii. Ikukute umekaa karibu na moto, miguu umeinyosha, unamgombeza mtu afunge mlango baridi isiingie. Bega linasemaje? Linakuacha ulale? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila joto la huku ziwani linanifanya niote mchana. Naweza kushika randa, macho wazi kabisa, kumbe niko kwetu Mulenge ndani ya ukungu, nasikia ng'ombe wakikohoa wala siwaoni. Mzee Hamisi, fundi seremala anayeniajiri, hugonga ubao: "Weye Zakaria! Rudi huku, mulango ya watu unaiharibu!"

Shemeji Debora, najua ni wewe unayesoma, maana nyumba nzima hakuna mwingine anayejua herufi. Nakuomba usome yote, hata yale yanayokuhusu. Usiruke. Nitajua.

Mama, yule mtu anayeshusha maharagwe sokoni kutoka huko milimani alinifikishia neno la kaka Yosefu. Kaka anasema bega lako limechoka, na ng'ombe wakirudi kutoka malisho ya kiangazi, kibuyu cha kusukia maziwa yatoe siagi kitahamia kwa mkewe Debora. Nimeambiwa uligeuka tu, ukaendelea kukifukiza kibuyu kwa moshi kama siku zote. Niliumia, Mama. Kwetu anayesuka ndiye anayegawa mtindi, na huyo ndiye ambaye mgeni humtafuta kwa macho akishaingia. Bila kibuyu utakuwa umeketishwa pembeni nyumbani kwako mwenyewe, na bado uko hai.

Na lile sanduku la kusukia maziwa nililokutumia wala halikusaidia. Haya, cheka, umeruhusiwa! Nilikumbuka kwamba maziwa yetu hayaguswi na chuma, kwa hiyo bati nililiacha. Nikatafuta mbao nzuri, nikaweka mpini wa kuzungusha, nikalipiga randa mpaka likawa laini kama shavu la mtoto. Halafu nikaliunga kwa misumari! Mimi, mtoto wa wafugaji! Mkono umezoea milango, akili ikaufuata mkono. Jibu lako lilikuja fupi: "Mwambieni Zakaria kuna chuma ndani. Anataka ng'ombe wakauke?" Nasikia sasa kuku anataga humo. Angalau kuna mmoja aliyeridhika na kazi yangu.

Nilimweleza Mzee Hamisi, akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akauliza, "Mama yako iko na shida gani? Kibuyu iko mubaya?"

Nikasema hapana, kibuyu hakina kosa.

"Sasa weye unatengeneza nini?"

Huyu mzee haanzi kiti kabla hajamtazama mwenye kiti akikaa na kuinuka. Wanasema kuuliza si ujinga, na mimi sikukuuliza hata neno. Basi nikaanza kukutazama kutoka huku mbali, kwa kufumba macho. Nikakuona mkekani, kibuyu mapajani, unakisukuma kinakwenda, unakivuta kinarudi. Nilikutazama hivyo karibu juma zima, kazini na njiani. Kusukuma hakukuumizi, Mama. Kinachokula bega lako ni ule uzito wote unaoubeba kikiwa njiani kurudi.

Jioni moja nilishuka ziwani kuoga. Mitumbwi ilikuwa imefungwa, hamna mtu ndani, na maji yanaibembeleza polepole, inakwenda, inarudi, hakuna anayechoka. Milima ya Urundi ng'ambo ilikuwa imefifia, hujui ni milima au ni moshi. Nilisimama pale nikishangaa mpaka sabuni ikaniponyoka ikaenda zake. Yaani kibuyu kingening'inizwa tu, nani angehitaji kukibeba?

Nikatafuta kibuyu, nikapata maziwa kwa wafugaji wa bonde la Ruzizi. Nikakata ngozi laini ya ng'ombe mfano wa mbeleko, nikaifunga kwenye boriti ya chumba changu kwa kamba za ngozi. Msumari hakuna, naapa! Leo baada ya ibada niliketi chini nikaanza kusuka. (Debora, hapa punguza sauti, kaka asisikie.) Mama Zaina, mwenye nyumba niliyopanga, akachungulia. "Yo! Mukuje muone! Mwanaume anasuka maziwa!" Wakaja, wakacheka, mmoja akaniuliza nitaolewa lini. Niliwaacha waseme. Walipochoka wakaenda kula.

Nikabaki na kibuyu changu. Kukigusa kidogo tu kulitosha. Chubwi, kinakwenda, chubwi, kinarudi, jua limekaa mlangoni, upepo wa ziwa unaingia na kutoka. Nikazama. Sikulala, wala sikuwa macho. Nilihisi joto la mgongo kwenye shavu langu, nikanusa siagi ya nywele zako, nikasikia mtu anaimba ndani kwa ndani, wimbo usio na maneno. Kisha sauti ya maziwa ikageuka. Ikawa nzito, ya chini. Nikafumbua macho nikasema, "Tayari."

Nikafungua. Siagi ilikuwa imeshikana, Mama! Nani alinifundisha? Kwetu hakuna mwanaume anayefundishwa hilo. Niliisikia mgongoni mwako, wakati wewe unasuka na mimi sijajua hata jina langu. Nililia, na sioni haya kukwambia.

Sasa nisikilize. Safari hii sikutumii kitu. Ile mbeleko ya ngozi uliyonibebea, ambayo umeihifadhi darini juu ya moto, ishushe. Ipake siagi mpaka ilainike. Kaka Yosefu aifunge kwenye boriti juu ya mkeka wako, kibuyu kiguse mapaja yako bila kuyalalia, na shingo yake iwe upande wa mkono ulio mzima. Usikubali kamba fupi, kitarukaruka. Bega likichoka hata hivyo, Debora asukume, wewe sikiliza.

Debora, shemeji yangu, hapa ndipo nilipokuomba usiruke. Mikono unayo, tena yenye nguvu. Sikio lile bado huna, na utalipata wapi kibuyu kikihama na Mama akabaki pembeni? Kaa naye mkekani. Siku yako itafika, na mtindi wako wa kwanza nitaupokea kwa mikono miwili.

Msalimieni kaka Yosefu, mkubwa wetu, mwambieni sina kinyongo. Najua alimhurumia Mama. Msalimieni mama mdogo, anayeniombea kila asubuhi, na watoto wote. Na yule kuku wa sandukuni, mwambieni asihofu, nyumba ni yake.

Mama, ng'ombe wakirudi, mpe mtu wa maharagwe siagi kidogo ndani ya jani la mgomba aniletee. Usiandike kitu. Nitainusa tu, nitajua imetoka mkononi mwa nani.

Ni mimi Zakaria,
wa mwisho kushuka mgongoni mwako.