Ndege ya Panda–Kambove

Albertine, uko? Toka inje kwanza, usicheke mbele ya bantu.

Ninatoka kwa munganga wa kichwa. Miye nilienda tu juu ya ile huzuni, ile inanilazaka ku kitanda kila mwaka. Akauliza: «Mama Clotilde, kuna wakati ulijisikia muzuri sana, bila kulala, bila kuchoka?»

Nikafurahi. Nikamuambia ndiyo docteur, mu mwaka 93, wakati kampuni ya migodi iliacha kulipa bantu. Ule njo wakati nilikuwa na afya.

Nikamuelezea yote na kiburi. Compagnie yangu ya ndege, Panda–Kambove. Vile nilichagua bapilote kati ya bashofere ba camp ya bafanyakazi. Vile hatukuwa na ndege.

HATUKUWA NA NDEGE, Albertine. Na nilisema vile na sauti ya directrice.

Akasema polepole: «Mama, ile haikuwa afya. Ile furaha na huzuni ni ugonjwa mumoja. Bipolaire. Miaka yote ulituletea nusu tu.»

Lakini nani anaendaka kwa munganga kusema anajisikia muzuri?

Sasa niko na dawa ya kunishika katikati, na kupima damu kila mara. Dawa ya huzuni peke yake, anasema, inaweza kunirusha tena.

Ku mulango akaniita: «Na ule wakati, hakuna muntu alishituka?»

Nikasema hapana docteur, bantu balipanga mustari, kila mumoja alitafuta kazi. Rafiki yangu Albertine alishona mpaka uniforme ya hôtesse wa mu ndege.

Akachukua bic tena, aandike. «Huyu Albertine anakaa wapi?»

Nimemupa adresse yako.