Neno Lililokwamisha Posa ya Masanja

Chole, Kisarawe
9 Februari 2025

Mwanangu Kwandu,

Hujambo huko Kibaha? Sisi wazima, ng'ombe wananenepa, na mimi ndiyo usiseme. Simu huku inakatakata, na jambo lenyewe linataka karatasi.

Jana tulipeleka posa ya kaka yako Masanja kwa Mzee Ephraim, Kibuta, kumposa binti yake Yunis. Nikaona nisikae kama gunia. Nikawaambia, "Binti yangu anazisikiliza jeni za panya maabara! Kasema mtoto anabeba jeni ya baba na ya mama, ila moja hunyamazishwa." Nikamalizia kwa mbwembwe: "Kwa ukoo wetu, inayonyamazishwa ni ya mama."

Mkewe, Margareth, akaweka kikombe chini. "Kumbe Yunis wangu anakwenda kunyamazishwa?"

Wamesema tusubiri. Masanja hali, wala hanisemeshi. Nimekosea wapi, msomi wangu?

Mama yako.

Kibaha
14 Februari 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Huku ni salama. Nimecheka, kisha nikamhurumia kaka.

Jeni nyingi za baba na mama husema pamoja, yaani hufanya kazi zote mbili. Ni chache tu ambazo upande mmoja hunyamaza: pengine wa mama, pengine wa baba, na si mambo ya ukoo. Ninayochunguza mimi ni RNA moja, yaani ujumbe unaotolewa na jeni, ndefu kama uzi. RNA nyingine hubeba maelekezo ya kutengeneza protini. Hii haitengenezi kitu. Inatoka kwenye nakala ya baba, inabaki palepale, na kuzinyamazisha jeni jirani za upande huohuo wa baba. Hapo za mama ndizo zinazosema. Zikisema zote, mimba inaweza kukua vibaya. Mweleze Mama Yunis hivyo, na usiongeze chumvi!

Mwanao, Kwandu.

Chole
2 Machi 2025

Msomi wangu,

Marahaba. Miye mzima, hata nimependeza.

Nilirudi Kibuta. Chumvi niliongeza kidogo tu. Nikasema, "Huo uzi ni kama mama mkwe: hapiki, lakini anaamua nani anyamaze. Ila huu unawanyamazisha wa kwao wenyewe, mkwe hauwezi kumnyamazisha."

Margareth akacheka mpaka khanga ikamdondoka. Mzee Ephraim akauliza, "Yaani upande wa baba unajinyamazisha wenyewe? Hiyo mimi ninayo tangu nioe."

Hapo wakaanza upya kubishana, binti aende au asiende. Ndipo Yunis akatoka jikoni, mwiko mkononi.

"Wiki ya tatu mnajadili nani anyamaze, na mimi hamjaniuliza. Masanja namtaka."

Tulinyamaza nyumba nzima, mwanangu. Hata mimi.

Mama yako, na mama mkwe wa Yunis.