Pita, Ndugu

Nyumba ya wageni, ukingoni mwa msitu
Jumanne, 5 Septemba

Kwa kitindamimba wangu,

Hujambo mama? Wagonjwa wako wanaendeleaje? Mimi mzima, ila magoti yananisema kila asubuhi, na makalio yameshachukua sura ya tandiko. Usicheke. Fundi saa aliyekaa kwenye kigoda miaka thelathini na nane hawi mwendesha baiskeli kwa siku nne.

Njia yenyewe ni raha tupu. Zamani ilikuwa ya treni. Reli ziling'olewa, likabaki tuta lililonyooka kama rula. Kila inapokutana na barabara wamechimbia nguzo za chuma, gari haliingii. Asubuhi unapita msitu wa misonobari, mchana unatokea kwenye uwanda wa mchanga na vichaka visivyofika kiunoni, halafu msitu tena. Tangu Ijumaa nimekutana na watu sita.

Lakini kuna jambo. Jana nilipokuwa nafunga mabegi kwenye keria, mama mwenye nyumba hii aliniambia, huku anakunja mashuka, "Baba, ukifika penye majani mengi ya kangaga utasikia kengele nyuma yako. Sogea pembeni, sema 'pita, ndugu,' halafu endelea. Usigeuke."

"Nikigeuka?"

"Mimi sijui. Miaka kumi na mmoja inalia, na hakuna anayegeuka."

Nilicheka mpaka kikohozi kikanishika. Basi nilipofika huko, tuta limeinuka na kangaga zimefunika mteremko wote, ikalia. Krii, krii. Nyuma yangu, chini kidogo. Mwanangu, unajua sikio langu. Ilikuwa kengele ya zamani, ya springi, meno yamelika. Kicheko kikanikauka. Nikasema, "Pita, ndugu." Hakupita mtu.

Mbele kidogo tairi la nyuma likapasuka, nikalala hukohuko chini ya misonobari. Leo nimerudi nikikokota baiskeli, na palepale ikalia tena, mara tatu. Nikasema vilevile, na sikugeuka. Aibu naiona, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nasubiri tairi hapa hadi Ijumaa.

Ni mimi baba yako

*

Jumatano, 6 Septemba

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi sijambo, wodi imejaa kama kawaida. Barua yako imefika jioni hii, nami nimeisoma mara mbili, nimesimama, hata koti la kazi sijavua.

Baba, wodini kwetu mgonjwa asiyeweza kupaza sauti tunampa kengele. Anayetaka kupita hupita. Anayepiga kengele bila kupita anataka umfuate.

Hayo ya miaka kumi na mmoja siyajui, na siyataki. Ninachojua ni kwamba umesikia kitu mara mbili mahali pamoja, chini ya njia. Umenilea ukiniambia saa ikigonga vibaya usiibandike jina, ifungue. Ifungue hii. Usiende peke yako, mchukue bwana misitu. Ofisi yao nimepiga simu haipokelewi, na wewe yako umeiacha kabatini eti unapumzika. Barua hii nampa dereva wa gari la posta mkononi, nimemwapisha.

Nenda leo hiihii ukishaisoma. Hata chai usinywe.

Kitindamimba wako

*

Ijumaa, 8 Septemba

Mwanangu,

Hujambo? Mimi nimeamka, siwezi kusema zaidi ya hapo.

Barua yako ilinifikia jana asubuhi. Mama mwenye nyumba aliniona naisoma akauliza kuna msiba? Nikamwambia hapana, binti yangu ananituma nigeuke. Aliweka birika chini, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.

Nilimkuta bwana misitu akipaka rangi nguzo. Tukaenda. Safari hii hakikulia kitu. Upepo ulikuwa kwenye misonobari, basi. Tukashuka mteremko, kangaga zinatufika kifuani, hadi kwenye karavati la zamani linalopita chini ya tuta. Mdomoni mwake alilala mwanamume wa makamo, baiskeli yake imempindia mguu. Yu hai. Alianguka Jumapili. Alikuwa akilamba maji yanayochuruzika kwenye saruji.

Hesabu siku hizo, mwanangu. Mimi nilipita juu yake Jumatatu. Nikapita Jumanne.

Bwana misitu alifungua nguzo, gari likaingia njiani kumchukua. Wamesema wanamleta kwenu. Mwangalie kama ndugu yako.

Bado sijamaliza. Ndani ya karavati, hatua mbili kutoka alipolala, palikuwa na baiskeli nyingine. Kutu tupu, mche umeotea kati ya spoku. Nyuma yake palikuwa na mifupa, na mkoba wa ngozi wenye kamera. Bwana misitu akavua kofia. "Huyu ni yule mpiga picha," akasema. "Mkewe alikuja mara mbili akituonyesha picha yake, nyumba kwa nyumba. Tuliambiwa ameondoka kwa upande wa pili."

Kabla polisi hawajafika niliiangalia kengele ya baiskeli ile. Najua si vizuri. Kofia ya kengele ilikuwa imetoboka, nikachungulia kwa tochi. Springi imekatika zamani. Meno yamekuwa unga. Kengele ile haiwezi kulia, mwanangu. Ni kazi yangu, sikosei.

Tairi limefika. Silifungi bado.

Baba yako

*

Jumapili, 10 Septemba

Baba,

Shikamoo. Mgonjwa wako amefanyiwa upasuaji, anaendelea vizuri, ameshaanza kulalamikia uji. Ni mwalimu wa hesabu. Alikuwa likizo, kama wewe.

Nilimpongeza kwa kuipiga kengele siku zote zile. Akaniangalia kama mwanafunzi aliyekosea kujumlisha. "Dada," akasema, "ningeipiga kwa mkono upi?" Baba, mikono yake yote miwili imevunjika, wa kulia mahali pawili. Na baiskeli yake ni ya mashindano. Haina kengele.

Anasema yeye pia aliisikia. Ililia karibu na sikio lake, na kila ilipolia, baada ya kitambo kidogo alisikia matairi yakipita juu. Kana kwamba aliyeipiga aliwasikia watu kabla yake. Yeye alijaribu kuita, ulimi umekwama. Kisha akasikia mzee akisema, "Pita, ndugu," matairi yakaenda zake.

Hakusema kwa hasira. Sikumwambia mzee huyo ni nani.

Rudi nyumbani, baba. Nitakuja kukupokea Alhamisi.

Kitindamimba wako

*

Alhamisi, 14 Septemba

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Usije stendi leo, sipo. Barua hii nampa dereva wa posta alfajiri hii, natumaini itakuwahi.

Barua yako nilimsomea mama mwenye nyumba, jikoni. Sikutaka kumwonea, nilidhani ana haki ya kujua. Nilipofika kwenye maneno ya mwalimu, akaketi juu ya gunia la mkaa.

Akasema, "Siku ya kwanza ilikuwa kengele na sauti."

Mpiga picha yule alikuwa amepanga kwake wiki nzima. Jioni moja mama huyu alikuwa akirudi na baiskeli kutoka kununua sabuni, peke yake, jua limeinama. Akasikia kengele chini ya tuta, na mtu akimwita kwa jina. Alikuwa na hofu ya msitu tangu utotoni. Akakanyaga pedali mpaka nyumbani. Kesho yake alipita tena makusudi. Kengele ililia, jina halikuitwa. Mke alipokuja na picha, akamwambia mgeni aliondoka salama kwa upande wa pili.

"Usigeuke niliitunga mimi," akasema. "Nilikuwa nawaambia wageni ili nisiwe peke yangu."

Nilitoka nikaenda kufunga mabegi. Nilikaza mkanda wa kwanza. Wa pili nikaushika tu mkononi, kwa sababu nilikumbuka sauti yangu mwenyewe juu ya tuta, tena mara mbili, na mimi nilikuwa na jua la saa kumi. Nikafungua nilichofunga, nikarudi jikoni.

Tumejaribu kumwandikia mjane. Mimi nashika kalamu, yeye anasema. Kurasa nne zimeishia jikoni motoni. Jana akasema barua ni njia nyingine ya kupita. Ameshaeleza kila kitu kwa bwana misitu na polisi, nao wamemruhusu. Mjane anaishi mwendo wa siku mbili, njia ni hiihii. Ameijaza upepo baiskeli ambayo hajaipanda miaka kumi na mmoja.

Njia imekuwa kimya tangu tuitoe ile mifupa. Nimepita mara tatu, kila mara nikasimama, nikashuka, nikageuka. Kangaga tu. Sijui kwa nini ukimya huo unanipa baridi kuliko kengele.

Tunaondoka asubuhi hii. Ameniomba tukifika nisimsemee. Akisita mlangoni nisimsukume wala nisimwite. Nisimame tu nyuma yake, mahali ambapo akigeuka ataniona.

Nimemwambia nitasimama.

Baba yako