Mashine Imeanza Kunguruma

Ipinda, Mei Mosi

Dada Tusekile,

Ugonile? Ndaga fijo kwa kitenge, kimefika salama kutoka Karonga. Huku tunavuna mpunga, mvua bado inatusumbua.

Shemeji yako Lugano ameiacha mashine ya kukoboa, amekwenda na wenzake kuandamana Kyela mjini. Bosi alisema mpunga haujui sikukuu. Asiyekuja leo, kesho asije. Lugano akamjibu kwamba siku hii wafanyakazi waliipigania, hawakupewa na bosi yeyote. Akavaa fulana yake nyekundu, akaondoka.

Tangu asubuhi mashine ilikuwa kimya, nami nikapata moyo. Sasa hivi, nikiandika hapa, nasikia inanguruma. Ama Lugano amerudi kazini, ama amepatikana mwingine. Dada, sijui niombe lipi.

Mdogo wako, bado nasikiliza,
Beatrice