Usiguse Waya wa Buluu

Mdogo wangu,

Nimeshaondoka. Chai ya Mama iko kwenye chupa, mhimize anywe. Tangu tumzike Baba anaonja tu. Na leo ufagie wewe, bwana, mkono hautakatika.

Nyaya za nyuma ya kompyuta usiziguse. Asubuhi nilichomeka redio kaseti ya Baba kwenye tundu la waridi, kumbe hilo ni la maikrofoni. Linakuza sauti ndogo, na ya redio ni kubwa tayari, ndiyo maana sauti ya Baba ilitoka ikinguruma. Ukasema, “Mzee hata huko aliko anagomba.” Nami nikacheka. Hatukumwona Mama mlangoni.

Nimeuhamishia waya wa redio kwenye tundu la buluu, la kupokea sauti kubwa. Sasa ni yeye kabisa, hata kikohozi chake. Ni ule mkanda aliojaribia spika zake za kazi ya harusi, mwingine hatuna: “Moja, mbili. Mama Watoto, unanisikia huko nyuma?” Kimya. Halafu, “Haya, vizuri.”

Nimeshaurekodi wote kwenye kompyuta. ~~Hicho kimya kikate, ni kirefu mno.~~ Usikikate. Mama ndiye alikuwa anamjibu kutoka nyuma, sema sauti yake haikufika kwenye mkanda.

Maikrofoni ya Baba nimeichomeka pale kwenye waridi. Mama akitaka kusikiliza, mfungulie. Akitaka kujibu, mbonyezee kitufe chekundu cha kurekodi kwenye skrini, kisha utoke, uurudishe mlango taratibu.

Dada yako